Programu Huria Katika Ofisi ya Usharika: Gharama Iko Wapi?

Somo la robo hii halihusu visima wala mizinga ya nyuki. Linahusu ile kompyuta iliyopo juu ya meza ya ofisi ya usharika, pengine imefunikwa kitambaa ili vumbi lisiingie. Ndani yake mna orodha ya washarika, hesabu za ahadi na sadaka, taarifa za miradi na barua zote zilizokwenda kwa marafiki wa ng'ambo. Kamati inaweza kujadili bei ya mabati kwa saa mbili, lakini kompyuta hii hupita katika kikao kwa sentensi moja tu: "Ile mashine siku hizi ni nzito, tuombe nyingine."

Sababu ya kulileta suala hili mbele yenu ni tarehe moja. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha kutoa bure marekebisho ya usalama ya Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015 na ambao umo katika kompyuta nyingi za ofisi zetu. Kwa watumiaji wa nyumbani ilitoa nyongeza ya mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026, kwa masharti yake. Ikumbukwe kwamba kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Zinawaka, zinaandika barua, zinachapa matangazo ya Jumapili kama kawaida. Kilichobadilika ni kwamba kila udhaifu mpya unaogunduliwa katika mfumo huo unabaki bila kuzibwa, na wezi wa mtandaoni huzisoma habari hizo kabla yetu sisi.

Wengi watasema tuhamie Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021. Hapo ndipo tatizo lilipo. Mfumo huo unadai kumbukumbu ya angalau GB 4, nafasi ya GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na kwa sehemu kubwa unakubali vichakataji vilivyotengenezwa kuanzia mwaka 2018 hivi. Kompyuta nyingi tulizopokea kama msaada zilikuwa zimetumika miaka kadhaa katika ofisi za Ulaya au Marekani kabla ya kufika kwetu. Hazifikii masharti hayo. Kioo kizima, kibodi nzima, diski nzima, lakini mlango umefungwa.

Usharika ulio katika hali hiyo una njia tatu. Kununua au kuomba mashine mpya. Kuendelea kama hakuna kilichotokea. Au kuweka katika mashine ileile mfumo mwingine, wa programu huria. Njia ya kwanza inaeleweka na wala haina haja ya somo. Ya pili ndiyo inayofuatwa na wengi. Hii ya tatu inazungumzwa sana kwa maneno matamu na watu wasiokaa ofisini pamoja na katibu wa usharika, hivyo nitaikalia kwa muda.

NENO "HURIA" LINA MAANA GANI

Programu ya kompyuta huandikwa na mtu kwanza kama maandishi, kisha hugeuzwa kuwa kitu ambacho mashine inakielewa. Kampuni nyingi hukuuzia kile cha mwisho tu, na maandishi ya asili hubaki kwao. Ni sawa na kununua unga bila kuruhusiwa kujua ni mahindi gani wala kinu gani. Programu huria ni ile inayokuja pamoja na maandishi yake ya asili, na leseni yake inakuruhusu kuitumia kwa kazi yoyote, kuichunguza na kuibadili, kumgawia jirani nakala, na kumgawia hata nakala uliyoirekebisha. Mawazo haya yalipata msukumo mkubwa kwa Richard Stallman, Mmarekani aliyetangaza mradi wake wa GNU mwaka 1983. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Linus Torvalds, alitoa kiini cha mfumo kiitwacho Linux, na watu wa nchi nyingi wakaendelea kukijenga.

Mzee wa kanisa atakayesema mambo haya ni ya wataalamu tu, mwombe atoe simu yake mfukoni. Kama ni ya Android, kiini chake ni Linux. Zahanati zetu nazo zinahusika. Takwimu za MTUHA ambazo kila zahanati ya dayosisi inatakiwa kuziwasilisha zinaingia katika DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameifanyia kazi kwa miaka mingi. Kwa hiyo hatuulizi kama programu huria zinafaa kazi nzito. Hilo lilikwisha kujibiwa.

Kuna mfano mwingine wa hapa nyumbani ambao naona unaeleza jambo hili kuliko maelezo marefu. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya kuandikia na kupigia hesabu yenye menyu za Kiswahili. Walioifanya hawakulazimika kwenda kuomba kibali kwa kampuni yoyote, wala kuthibitisha kwanza kwamba Waswahili ni soko kubwa. Maandishi ya asili yalikuwa wazi, wakaketi wakatafsiri. OpenOffice hiyo ndiyo mama wa LibreOffice ya leo, iliyojitenga mwaka 2010 na ambayo inasimamiwa na taasisi isiyo ya kibiashara.

KUMBUKUMBU ZETU ZIKO MIKONONI MWA NANI

Watu wakisikia "huria" husikia "bure", na mjadala unaishia kwenye bei. Mimi naona bei ni hoja ya pili. Hoja ya kwanza ni kumbukumbu.

Wenye umri wangu watakumbuka kwamba majarida mengi ya makanisa na mashirika yalitengenezwa kwa PageMaker. Toleo la mwisho la programu hiyo lilitoka mwaka 2001, kisha kampuni yake ikahamia kwenye bidhaa nyingine. Ofisi nyingine ziliandika barua na bajeti kwa Microsoft Works, ambayo nayo imekwisha kuondolewa sokoni. Mafaili yale yapo, katika CD na disketi ndani ya makabati, lakini ukiyabonyeza kompyuta inauliza ifungue kwa kutumia nini. Historia ya mradi wa maji wa miaka ya tisini imo mle. Majina ya waliochangia yamo mle. Jambo la kufurahisha ni kwamba LibreOffice mara nyingi huyafungua mafaili ya Works na hata ya PageMaker, kwa kuwa watu waliojitolea walikaa wakachunguza namna yalivyoundwa. Wala hakuna aliyewalipa kwa ajili ya majarida yetu.

LibreOffice huhifadhi kazi kwa muundo uitwao ODF, ambao tangu mwaka 2006 ni kiwango cha kimataifa cha ISO. Maelezo yake yako wazi, na yeyote anaweza kutengeneza programu ya kuusoma. Vitabu vya ubatizo vya wamisionari tunavisoma leo kwa sababu wino na karatasi havihitaji leseni. Orodha ya ubatizo iliyo ndani ya kompyuta inastahili usalama wa namna hiyohiyo. Na kwa kuwa orodha ya washarika inaonyesha imani ya mtu, na taarifa za imani zinatajwa kati ya taarifa nyeti katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kuziacha katika mashine isiyozibwa matundu si suala la uzembe wa ofisi peke yake.

KOPI ZA MTAANI

Niseme wazi kuhusu jambo ambalo kamati hupenda kulipita kimya. Sehemu ya kompyuta zetu zina Windows na Office ambazo hazikulipiwa. Fundi alikuja na flashi, akaweka, akalipwa ya soda, na ofisi ikaendelea. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo. Tusingekubali mtu anakili kitabu cha nyimbo cha kanisa akiuze mnadani.

Hata ukiiweka sheria pembeni, kuna hatari ya kawaida kabisa. Vile vijiprogramu vya kuvunja ufunguo mara nyingi hudai kwanza uzime kinga ya virusi. Mtu akikuambia amfungie mbwa wako kabla hajaingia ndani, ungemkaribisha? Baada ya hapo katibu anashangaa folda zimegeuka alama za mkato, au mafaili yote yamefungwa na kuna ujumbe wa kudai fedha.

Programu huria inageuza hali hii. Kunakili kunaruhusiwa, tena kunatarajiwa. Kwa sharika za vijijini hili lina faida ya fedha inayoonekana. Faili la kuweka Linux Mint lina ukubwa wa karibu GB 3, na kwa bando la simu si mchezo. Lakini linahitaji kupakuliwa mara moja tu, tuseme katika ofisi ya dayosisi, kisha flashi ileile ikazunguka sharika zote za jimbo, kihalali. Kati ya mwaka 2005 na 2011 kampuni inayotengeneza Ubuntu iliwahi hata kutuma CD bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba. Siku hizi CD hazina nafasi, ila flashi inatosha.

GHARAMA ILIPO

Sasa nifike kwenye kichwa cha somo. Leseni ya programu huria kwa kawaida hailipiwi. Kinachogharimu ni mtu.

Jiji la Munich huko Ujerumani liliamua mwaka 2003 kuachana na Windows, na hadi mwaka 2013 lilikuwa limehamisha kompyuta karibu 15,000. Mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura kurudi. Wapo wanaotaja malalamiko ya watumishi na ugumu wa kubadilishana nyaraka na ofisi nyingine, na wapo wanaotaja mabadiliko ya uongozi wa jiji. Katika sababu zote hizo mbili sioni mahali panaposema kompyuta zilishindwa kazi. Na Aprili 2024 jimbo jingine la nchi hiyohiyo, Schleswig-Holstein, lilitangaza kuwahamishia LibreOffice watumishi wake wapatao 30,000. Kama jiji tajiri lenye idara nzima ya kompyuta linaweza kuyumba kwa sababu ya watu, usharika wenye katibu mmoja anayelipwa posho uangalie mara mbili.

Kwetu hali huwa hivi. Kijana aliyesoma anakuja likizo, anaona mashine nzito, anaweka Linux kwa mchana mmoja. Mashine inakuwa nyepesi, watu wanapiga makofi. Januari kijana anarudi chuoni. Februari printa inagoma kwa sababu haina programu yake katika mfumo mpya, au katibu hapati ile alama aliyozoea kubonyeza ili aandike barua. Fundi wa mjini anaitwa. Fundi huyo, kwa kuwa anajua dawa moja tu kwa kila ugonjwa, anafuta kila kitu na kurudisha kopi ya mtaani. Pamoja na kila kitu amefuta na orodha ya washarika.

Hivyo basi, fedha ambayo ingelipa leseni isichukuliwe kuwa imeokolewa. Ihamishiwe kwenye mafunzo ya watu wawili, siyo mmoja, na mmoja wao awe mtu asiyetarajiwa kuhama: mtunza hazina, mwalimu wa shule ya jirani, mama anayeendesha duka la vifaa vya ofisi. Siku mbili za kukaa naye na nauli ya kumfuata mwenzake wa usharika wa pili akikwama. Kamati isiyo tayari kuandika mstari huo katika bajeti, ushauri wangu ni kwamba isihame.

NAMNA YA KUANZA BILA KUVUNJA OFISI

Anzeni na programu, mfumo baadaye. LibreOffice na kivinjari Firefox vinafanya kazi ndani ya Windows iliyopo. Katibu aandike barua na matangazo kwa LibreOffice kwa miezi mitatu akiwa bado anaona dirisha alilolizoea. Atakutana na mambo madogo. Barua iliyotoka kwingine ikiwa na herufi za aina ambayo hamna, mistari husogea na ukurasa wa pili huzaliwa. Zile zinazokwenda kusomwa tu zipelekwe kwa PDF, hazitasogea. Zile zinazokwenda kurekebishwa na mwenzako mwenye Word zihifadhiwe kwa muundo wa Word, ila nakala ya kumbukumbu ya ofisi ibaki kwa ODF.

Akizoea, mfumo wenyewe unaweza kuonjwa. Linux Mint inaweza kuwashwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya diski. Ni polepole zaidi ikiwa hivyo, lakini inatosha kujaribu mambo matatu muhimu: je, printa inachapa, je, modemu au simu inaleta intaneti, je, sauti inatoka? Jibu likiwa hapana kwa printa, msiendelee kwa matumaini. Tafuteni kwanza printa nyingine ya kujaribu. Mashine yenye kumbukumbu ya GB 4 inaendesha Mint kwa raha, na GB 2 ndicho kiwango cha chini kinachotajwa. Toleo la 22, lililotoka Julai 2024, limeahidiwa marekebisho ya usalama hadi mwaka 2029. Jambo moja ambalo wa vijijini watalipenda ni kwamba mfumo huu unakuuliza kabla ya kupakua marekebisho, hivyo bando halipotei usiku mtu akiwa amelala.

Kompyuta ya mhasibu iacheni. Ofisi nyingi za dayosisi na hospitali hutumia QuickBooks au programu nyingine ya uhasibu iliyotengenezwa kwa Windows, na mkaguzi anaitegemea hiyo. Hapo lipeni leseni, nunueni mashine inayokubali Windows 11, na msione aibu. Sioni dhambi yoyote katika kulipia programu. Ofisi inaweza kuwa na mashine moja ya Windows iliyolipiwa na tatu za Linux, zikaelewana vizuri tu.

Kabla ya yote hayo, nakala. Sitalirefusha kwa kuwa tumelisema katika kila semina: mafaili ya ofisi yawe sehemu tatu, na sehemu moja iwe nje ya jengo. Flashi iliyochomekwa kwenye kompyuta muda wote haihesabiki, kwa kuwa radi, mwizi au virusi vitachukua vyote viwili. Na mara moja kwa robo mtu afungue nakala hizo kuona kama zinasomeka.

KWA MARAFIKI NA WAFADHILI WETU

Tunawashukuru kwa kompyuta mnazotuma. Tunaomba mambo mawili, nayo hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza ni fomu zenu za taarifa. Mara nyingi huja kama faili la Excel lenye visanduku vilivyofungwa na makro ndani yake, yaani maagizo yanayojiendesha. Faili hilo likifunguliwa kwa LibreOffice, makro huenda zisifanye kazi inavyotakiwa, na jumla zikabaki sifuri. Mtunza hazina aliyejifunza kwa bidii analazimika kutafuta kopi ya Excel mtaani ili tu ajaze fomu ya mradi unaohubiri uwajibikaji. Fomu ya kawaida isiyo na makro, au ukurasa wa kujazwa kwenye kivinjari, ungeondoa kishawishi hicho chote.

La pili, kabla ya kufunga kontena, ulizeni. Mashine kumi zisizokubali Windows 11 ni msaada mzuri zikija kwa usharika uliojiandaa kwa Linux na wenye mtu wake. Zikija kwa usharika usio na mtu, ndani ya miaka miwili zitakuwa taka za kielektroniki nyuma ya stoo, na hatuna mahali pazuri pa kuzitupa. Anayetaka kuchangia kidogo, achangie mafunzo ya yule mtu wa pili.

KWA KIKAO KIJACHO

Mwenyekiti anaweza kuyaweka haya mezani kabla ya mengineyo. Kompyuta ya ofisi inatumia mfumo gani, na leseni yake iko wapi? Je, kuna faili la zamani la usharika ambalo halifunguki tena, na liko kwenye CD au diski ipi? Mhasibu anatumia programu gani ambayo haiwezi kuachwa? Katibu akiugua kesho, ni nani mwingine anayejua nenosiri la mashine ile, na mara ya mwisho nakala ya orodha ya washarika kutoka nje ya jengo ilikuwa lini?